Muulize Fundi: Unataka kufundisha kuyeyusha vioo dukani kwako? Anza kwa kupima shelfu ya tanuri

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wenye maduka ya vifaa vya sanaa na kazi za mikono, na karibu wote wanataka kitu kimoja, kufundisha watu wanaoanza kabisa ile kazi ya kupanga vipande vya kioo vikiwa baridi, kimoja juu ya kingine, alafu tanuri la umeme linaviyeyusha hadi vinashikana vinakuwa kitu kimoja. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na salamu nimezipunguza maana zingemaliza ukurasa.

*Shikamoo fundi. Nina duka la vifaa vya kazi za mikono na nimenunua tanuri la umeme, shelfu yake ni sentimita 35 kwa 35. Nataka kuanzisha darasa la jioni la masaa mawili. Rafiki zangu wananishauri nichukue watu 20 ili hela ya tanuri irudi haraka. Wewe unaonaje? Na niwafundishe kutengeneza nini, mi nilikuwa nafikiria bakuli. – Mwenye Duka*

Marahaba mdogo wangu. Hao rafiki zako wanahesabu viti, wewe hesabu shelfu. Kila mwanafunzi akitengeneza kipande cha sentimita 10 kwa 10, kwenye shelfu ya 35 vinaingia tisa, tatu kwa tatu, na hapo umeacha kama sentimita moja na nusu kati ya kipande na kipande, na hiyo nafasi usiionee uchoyo maana kioo kikilainika kinaweza kutambaa kidogo, viwili vikigusana unafungua tanuri asubuhi unakuta mapacha na wenye mali hawajuani. Kwaiyo darasa lako ni watu 8, nafasi ya tisa ni ya kipande chako wewe mwalimu, ile sampuli uliyokuwa unaonyesha nayo darasani. Ukichukua 20 utachoma mara tatu, kila uchomaji unakula usiku mzima, na wakati huo kuna watu wanapiga simu kila siku kuulizia mzigo wao.

Bakuli achana nalo kwa darasa la kwanza. Bakuli ni moto mara mbili: kwanza unayeyusha kipande kikiwa bapa kwenye joto la digrii 800 na kitu, kinapoa, alafu ndo unakiweka juu ya kalibu na kukipasha tena kwenye kama 630 hadi 680 ili kilainike na kuinama kifuate umbo la kalibu. Mtu anayeanza anataka kushika kitu chake mkononi, sio kuambiwa kimefika nusu ya safari. Mpe kosta ya kuwekea glasi au kipambo cha kuning'iniza dirishani. Wakishapenda, hilo bakuli ndo litawarudisha darasa la pili, na kipande walichoyeyusha mara ya kwanza ndicho wanachokuja kukiinamisha.

Sasa sikiliza hapa maana ndo moyo wa somo lote la kwanza. Kioo kikiyeyuka kikaachwa huru kinapenda kukaa kwenye unene wa kama milimita 6, na hakuna namna ya kubishana nacho. Ukimpa mwanafunzi kipande kimoja cha milimita 3, kikiyeyuka kabisa kinajivuta ndani kutafuta unene wake, pande za mraba zinabonyea na pembe zinabaki zimechongoka kama sindano. Akipanga tabaka tatu za milimita 3, kinafanya kinyume chake, kinamwagika kwenda pembeni. Tabaka mbili za milimita 3 ndo sita yako, mraba unabaki mraba. Wewe kata kabla ya darasa miraba ya kioo kisicho na rangi, kila mtu mmoja wa chini, alafu tabaka ya pili aijaze yeye kwa vipande vya rangi bila kuacha mapengo makubwa, au afunike mraba wote na kioo cha rangi moja na kupamba juu kwa nyuzi na chenga za kioo. Mapambo machache juu ya tabaka mbili hayana shida. Kinachoharibu ni mtu kuweka vipande vitatu vya rangi katikati ya mraba mmoja na kusema anapenda nafasi wazi, inapendeza kweli lakini kazi itatoka imejikunja.

Kuwaambia hayo kwa mdomo hakusaidii sana, nimeshaona wanatikisa kichwa tu. Weka mezani sampuli tatu za mchoro uleule mmoja: haujachomwa, umechomwa kwenye kama 740 ambapo vipande vimeshikana lakini bado unavisikia kwa kidole vimeinuka, na umechomwa kwenye kama 804 ambapo kila kitu kimelala bapa na kingo zimeviringika. Waache wazishike wapapase. Mtu akishapitisha kidole kwenye ile ya kati na ile ya mwisho hakuulizi tena maswali ya joto, anakuuliza tu "mimi nataka kama hii", na hapo umeshajua utachoma vipi. Ila kumbuka shelfu moja ni joto moja, kwaiyo darasa zima linakubaliana kabla hawajaanza kupanga, la sivyo unachoma mara mbili.

Kitu cha mwisho, majina. Karatasi ya jina haiingii kwenye tanuri. Kila mmoja apangie kazi yake juu ya kipande cha kadibodi kigumu chenye jina lake, piga picha ya kila kazi ikiwa na jina, na unapopakia tanuri chora ramani ya shelfu, nani yuko kona gani na mlango uko upande gani. Usiamini kumbukumbu yako, bluu nane zikishayeyuka zinafanana kuliko unavyodhani.

*Habari za kazi fundi. Mwanafunzi wangu amerudisha kosta imepasuka vipande viwili, ni wiki kadhaa baada ya darasa na anaapa ilikuwa kabatini tu. Anasema nimempa kitu kibovu. Vioo vilikuwa vya dukani kwangu isipokuwa kipande kimoja cha kijani alichokuja nacho mwenyewe, nadhani cha chupa. Inawezekana ndo hicho? Na vioo vya dirisha je, maana ni rahisi kupata. – Mwalimu mwenye wasiwasi*

Ndo hicho, karibu nikuhakikishie bila kukiona. Kila kioo kinatanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na kila aina ina kiwango chake. Ile namba 90 au 96 unayoiona kwenye lebo za vioo vya kuyeyusha ndo hiyo: 90 maana yake kwa kila digrii moja kioo kinaongezeka urefu kwa sehemu 90 katika kila sehemu milioni kumi. Unaona ni kitu kidogo mno, lakini viwili vyenye namba tofauti vikishashikana na kuganda, kimoja kinataka kusinyaa zaidi ya mwenzake na mwenzake hakubali, wanavutana humo ndani kimyakimya. Kinaweza kupasuka tanurini, kinaweza kupasuka kesho, na kinaweza kukaa kabatini wiki na wiki alafu siku moja usikie tiki. Mwanafunzi wako hakudanganyi.

Mwombe akuletee hivyo vipande muangalie wote, maana ufa unasema. Ufa ukifuata mpaka wa kile kipande cha kijani, unakizunguka kama unakikwepa, ni vioo visivyopatana. Ukikatiza kazi nzima kwa mkunjo kama herufi S bila kujali rangi, hapo shaka inahamia kwenye upoozaji wako. Angalia pia ukingo wa ufa, kwa macho tu usipitishe kidole: ukiwa umeviringika na kung'aa ujue kilipasuka wakati joto linapanda kikayeyuka kidogo baada ya hapo, ukiwa mkali kilipasuka wakati wa kupoa au baada ya kutoka.

Dawa yake ni duka kuwa na namba moja tu kwenye meza ya darasa. Vioo vya Bullseye, kiwanda cha Portland kule Marekani kilichoanza 1974, ni 90. Vya 96 vilikuwa maarufu kwa kiwanda cha Spectrum hadi walipofunga 2016 na utengenezaji ukaenda kwa kiwanda cha Oceanside. Chagua namba moja ukae nayo, mi sioni kabisa sababu ya duka linalofundisha wanaoanza kuweka zote mbili, maana kioo kisicho na rangi cha 90 na kisicho na rangi cha 96 vikishakatwa vikakosa lebo hakuna jicho litakalovitofautisha. Vioo vya kuletwa kutoka nyumbani viishie mlangoni, na hilo liandike kwenye tangazo la darasa ili usilazimike kugombana na mtu ana chupa yake mkononi.

Kioo cha dirisha kinayeyuka vizuri, ila chenyewe kwa chenyewe, na ikiwezekana vipande vyote vitoke kwenye shiti moja. Chupa nayo yenyewe kwa yenyewe, hata chupa mbili tofauti usiziamini. Na vyote hivyo vinataka joto kubwa kidogo kuliko vioo vya 90. Ukiwa na shaka na kipande chochote fanya jaribio hili: yeyusha kijipande chake juu ya ukanda wa kioo kisicho na rangi unachokijua, kipooze vizuri, alafu kiweke katikati ya filamu mbili za polaraizi (plastiki nyembamba za kuchuja mwanga) zilizozungushwa hadi mwanga ukakatika, chini uwe na taa. Ukiona mng'ao wa mwanga umekizunguka kile kijipande kama duara, hapo kuna mvutano, usikitumie. Kukiwa giza tupu, sawa.

*Kwa nini wanafunzi wasiondoke na kazi zao siku hiyohiyo? Wengi wanauliza na mimi naishia kusema "tanuri linachelewa" ambayo sio jibu. – Msaidizi wa dukani*

Waonyeshe hesabu. Kwa kipande chetu cha milimita 6 ratiba ya kawaida ya vioo vya 90 inakwenda hivi: panda kama digrii 220 kwa saa hadi 677, tulia hapo nusu saa ili hewa itoke katikati ya tabaka, panda kwa kasi ya 330 kwa saa hadi 804, tulia dakika 10, acha lishuke lenyewe hadi 482, tulia saa nzima, shuka pole pole digrii 83 kwa saa hadi 371, alafu zima. Mpaka hapo ni kama masaa saba na bado ndani kuna moto wa kuungua, linahitaji kupoa lenyewe hadi uweze kuweka mkono. Ile saa moja kwenye 482 (kwa vioo vya 96 ni kama 510) ndo inayofanya kioo kitulie ndani na nje kiwe joto moja kabla hakijaganda kabisa. Ukiiruka kazi inatoka nzuri machoni na inapasuka baadaye, kama ile kosta ya kabatini kwenye barua ya juu. Waambie siku ya kuchukua kabla hawajalipa, basi, hakuna atakayelalamika.

*Fundi, tatizo langu ni kukata. Nina mama mmoja mtu mzima kwenye darasa, mikono inamtetemeka, na kijana mmoja anabonyeza mpaka kigurudumu kinalia krrr na kioo kinakatika anapotaka chenyewe. Nawafundishaje wote wawili pamoja? – Mkataji*

Wote wana ugonjwa mmoja, wanadhani kigurudumu ndo kinakata. Hakikati. Kinachora mkwaruzo tu juu ya uso wa kioo, na kinachokata ni mikono inapokunja kioo kikafuata ule mkwaruzo. Ukilieleza hilo mwanzo kabisa, kijana anapunguza nguvu na mama anapunguza hofu.

Wasimame, wasikae, bega liwe juu ya kazi. Kikatio kisimame wima kisilale kushoto wala kulia, kiwe na tone la mafuta, kianzie ukingo mmoja wa kioo kimalizie ukingo wa pili bila kusimama njiani. Alafu wafundishe kusikiliza. Mkandamizo mzuri una sauti yake, ssss laini isiyokatika kama zipu inayofungwa taratibu. Kijana wako akisikia krrr na kuona unga mweupe na vibanzi vinaruka pembeni ya mstari, amezidisha. Mama asiposikia kitu, hajagusa. Mi huwa nawaambia wafumbe macho mimi nikate, wasikie kwanza, alafu ndo wajaribu.

Mstari mmoja upite mara moja tu. Kurudia juu ya mkwaruzo kunaua kigurudumu na kioo kinakatika ovyo, ukikosea geuza sehemu nyingine uanze upya. Na wakishachora wavunje papo hapo, mkwaruzo mpya unafunguka vizuri kuliko uliolala. Kwa kuvunja, ngumi mbili zikiwa zimegusana chini ya kioo, dole gumba kila upande wa mstari, zungusha mikono kwa nje na chini. Huyo mama usimlazimishe kuvunja kwa mikono, mpe ile koleo yenye mdomo uliopinda, unaweka alama ya katikati ya koleo juu ya mstari, unabana kidogo tu na kioo kinafunguka chenyewe mpaka mwisho, na nakuhakikishia akishasikia ule mlio mara ya kwanza atataka kukata vya darasa zima.

Mikunjo ya kuingia ndani, zile hilali, usizifundishe siku ya kwanza. Mistari iliyonyooka na pembetatu zinatosha kabisa kufanya kitu kizuri.

Kuna mtego mmoja hapa. Walimu wengi wanatumia kioo cha dirisha kufanyia mazoezi ya kukata, na ni sawa maana ni rahisi, ila meza yake iwe tofauti, ndoo ya mabaki yake iwe tofauti, na kisirudi karibu na trei za kazi. Kitazame ukingoni, cha dirisha kina ukijani, ila mtu mwenye miwani ya kinga na hamu ya kumaliza hatauona.

*Mapovu! Na ukungu mweupe juu ya kazi kama kioo kimezeeka. Nimekosea wapi? – Asiye na raha*

Ni vitu viwili hivyo. Mapovu madogo madogo yatakuwepo tu, ni hewa iliyobaki katikati ya tabaka, hata wakongwe wanayo. Povu kubwa lililoinuka kama jipu ndo tatizo: ama umepanda haraka ukaruka ile nusu saa ya 677, ama shelfu haikuwa imekauka, ama wanafunzi wamemwaga gundi. Kuhusu gundi, tone dogo kwenye kona linatosha, kazi yake ni kushika vipande visitembee unapobeba kwenda tanurini. Kwenye moto gundi inaungua yote, na ikiwa nyingi inaacha alama au moshi wake unanasa ndani.

Ukungu mweupe ni uso wa kioo kuanza kutengeneza fuwele kikikaa muda mrefu kwenye joto la kati, kuanzia kama 700 kwenda juu, na uchafu unausaidia: alama za vidole, mafuta ya kikatio, sabuni iliyobaki. Osha kila kipande kwa maji, kausha kwa kitambaa kisichoacha manyoya, na wakishaosha washike pembeni tu. Darasa zima la kupanga ni dakika 40 na la kuosha ni dakika 10, hizo 10 ndo kila mtu anataka kuzikimbia.

*Mwanafunzi kachagua rangi ya waridi, kumbe kipande kilikuwa karibu hakina rangi, akanuna. Mwingine kaweka samawati na njano zikatoka na mstari wa kahawia katikati. – Muuza vioo*

Waridi nyingi zimetengenezwa kwa dhahabu, zikiwa baridi ni hafifu au hazionekani kabisa, zinakolea kwenye moto. Nyekundu, machungwa na njano nyingi nazo zinabadilika. Kwaiyo duka litengeneze ubao wa rangi, kila rangi kipande kibichi na kilichochomwa pembeni yake, uning'inizwe pale pale kwenye rafu. Utauza zaidi pia.

Ule mstari wa kahawia ni kemia: samawati za namna hiyo zina shaba, njano nyingi zina salfa, vikikutana kwenye moto vinatengeneza mpaka mweusi au kahawia. Mi binafsi naupenda, unatoka kama wino umechorwa kwa mkono, ila mwanafunzi aambiwe kabla. Watenganishe kwa ukanda wa kioo kisicho na rangi kama hautakiwi.

*Watoto wanaruhusiwa? – Mzazi*

Ndio, bila vikatio. Vioo vikatwe na mtu mzima na kingo zikwaruzwe kidogo, wapewe chenga kubwa na vipande vilivyo tayari, miwani ya kinga na viatu vya kufunika vidole. Unga laini wa kioo wasipewe.

*Shelfu inapakwa nini, na vumbi lake lina madhara? – Mfagiaji wa darasa*

Kioo kilichoyeyuka kikigusa shelfu tupu kinashikana nayo na hapo umepoteza vyote viwili. Kuna unga mweupe wa kaolini na alumina, unachanganywa na maji ukawa mwepesi kama maziwa, unapakwa kwa brashi laini pana, tabaka nne au tano, kila moja kwa mwelekeo tofauti. Alafu pasha shelfu tupu hadi kama 260 kwa dakika 20 ikauke kabisa kabla ya kuweka kazi. Au tumia ile karatasi maalumu ya tanuri ya kutumia mara moja, kwa darasa ndo naipendelea, inaacha mgongo wa kazi laini zaidi.

Vumbi ndio lina madhara, la huo unga ukishakauka, la hiyo karatasi ikishachomwa, na la unga wa kioo wenyewe. Vaa barakoa ya vumbi kama ile N95, usifagie kavu, futa kwa kitambaa cha maji. Kusugua shelfu kuukuu usikufanye mbele ya wanafunzi, fanya wakiwa hawapo. Na mashine ya kusaga kingo isiwashwe bila maji kwenye sponji yake, hilo halina mjadala.

*Nina mwanafunzi mmoja anajua kila kitu, kila nikisema tabaka mbili yeye anaweka nne, anasema sanaa haina sheria. Wengine wameanza kumfuata. – Mwalimu mpya*

Kwanza mpe heshima yake, watu wa namna hii mara nyingi ndo wanaobaki kwenye fani. Ila shelfu ni ya watu nane. Tabaka nne ni milimita 12, kikiyeyuka kinakimbilia 6, maana yake kinatambaa kwenda kwa jirani, na hata kisipomgusa mtu kinataka kupoozwa kwa muda mrefu kuliko vya wenzake, kwaiyo ratiba moja haiwezi kuwatendea haki wote. Mwambie hivyohivyo bila hasira, mweleze na hesabu yake. Alafu mpe chaguo: apunguze leo, au alipie uchomaji wake peke yake ndani ya fremu ya kuzuia kioo kisimwagike. Wengi wanapunguza.

Usimshushie vipande wewe bila kumwambia wakati wa kupakia tanuri. Najua inashawishi, ni saa za usiku na umechoka. Ila ile ni kazi ya mtu, na atajua, ana picha kwenye simu.

*Wanafunzi wananiuliza kazi hii ilianza lini, sina la kusema. – Mwalimu wa Jumamosi*

Waambie ni ya zamani kuliko kupuliza kioo. Misri na Mesopotamia walikuwa wanatengeneza vyombo vya kioo miaka ya katikati ya milenia ya pili kabla ya Kristo, na Warumi walipanga vipande vya rangi wakaviyeyusha pamoja kutengeneza mabakuli ya mozaiki. Kupuliza kulipokuja, karne ya kwanza kabla ya Kristo, kulikuwa kwa haraka na rahisi zaidi, kuyeyusha vipande kukasahaulika sana. Karne ya 20 ndo watu kama Frances na Michael Higgins wa Chicago wakaifufua, walianza karakana yao 1948. Hayo yanatosha, yaseme wakati wanaosha vioo.

*Naweza kufungua tanuri kidogo nichungulie? – Mwenye haraka*

Inategemea liko wapi. Likiwa juu kabisa, kwenye 740 au 804, walimu wenye uzoefu wanachungulia sekunde moja mbili kuona kingo zimeviringika kiasi gani, wakiwa na miwani ya kazi ya kukinga macho na ule mwanga, glavu za joto, nguo za pamba, na wamezima umeme wa tanuri kwanza. Likiwa linashuka kuanzia 540 hivi kwenda chini usiguse mfuniko, hapo kioo kimeshakuwa kigumu na hewa baridi inakivunja. Wewe kama ndo unaanza, tumia tundu la kuchungulia kama lipo, kama halipo soma namba kwenye kontrola na uende kulala. Asubuhi ikisoma chini ya 50, fungua.